Godoro la Nasma Latoka Nje

Mwera, Pangani
14 Mei 2024

Mwanangu Nasma,

Salamu zako alizonifikishia Yasini wa basi nimezipokea, nami nakurudishia zenye uzito kuliko zako. Hapa Mwera wazima, ila mbuzi wa jirani kanimalizia mchicha wote, na mwenyewe anaapa si mbuzi wake, ati mbuzi wake ana adabu.

Najua utasema, shangazi, si upige simu. Simu ni ya kusema nimefika, nimepata, nimefiwa. Mambo ya ndani ya nyumba siwezi kuyasema nimesimama shambani kwa watu natafuta mtandao, napiga kelele, Mwera nzima imetulia inanisikiliza. Andika, umpe Yasini. Ukinipigia nitakuuliza kama mvua imenyesha, kisha nikate.

Harusi yako ilinipendeza sana. Lakini kilichonipendeza zaidi ni kile kitambo tulipopeleka vyombo, godoro limebebwa juu vichwani na vigelegele mtaa mzima. Nitakwambia leo jambo ambalo sikukwambia siku ile, maana ungelia ukaharibu wanja. Marehemu mama yako alipokuwa mgonjwa alinishika mkono akasema, wifi Mboni, mimi niliolewa kwenye mkeka, mwanangu asiolewe kwenye mkeka. Nikamwambia, godoro la Nasma ni juu yangu. Akatulia. Basi lile godoro silo langu wala lako, ni la mama yako.

Haya niambie, likoje? Na nailoni yake ya dukani mliiacha mpaka fungate ikaisha kama nilivyowaagiza? Nisisikie wageni waliokuja kuona vyombo wamekuta godoro limeshavuliwa, wakaenda kusema tumeazima.

Msalimie mumeo Ayubu.

Shangazi yako,
Mboni


Makorora, Tanga
3 Juni 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa mchicha. Ayubu anasema akija huko atamhoji huyo mbuzi mwenyewe.

Sisi hatujambo. Machungwa yameanza Muheza, kwa hiyo Ayubu anaondoka alfajiri na kurudi jioni ananuka maganda, nami sichoki kuinusa harufu hiyo. Mapazia ya kijani nimeyatundika, yamekaa. Vikombe vya maua havijavunjika hata kimoja. Kuna paka kahamia, mweupe mwenye doa sikioni, halali ila juu ya mashine ya kushonea. Tumempa jina la Bwana Afya kwa sababu anakagua kila sufuria.

Maneno ya mama nimeyasoma mara nyingi, shangazi. Nimelia, na wanja sikuwa nao.

Nailoni tuliiacha fungate yote kama ulivyosema. Inapiga kelele ile! Mtu hageuki ubavu bila jirani kujua. Bi Mwatumu wa mlango wa pili aliniuliza kama tunakaanga bisi usiku.

Godoro lipo. Shuka zako za maua zinalipendeza.

Utakuja Idd? Ulisema utakuja.

Mwanao,
Nasma


Mwera
22 Juni 2024

Nasma,

Idd njema iliyokwisha pita. Sikuja, kuna shughuli huku. Mkono wenu wa Idd nimempa Yasini, na ukikuta kashata zimepungua umuulize yeye.

Nilikuuliza godoro likoje, umenijibu lipo. Hata jiwe lipo. Mimi nimekunyoa nywele za kwanza, nimekukalisha mkekani ukiwa mwari, nakujua. Tangu mtoto, ukivunja kitu unakuja kunipa habari za paka. Barua yako ina paka, ina mapazia, ina bisi za Mwatumu, na godoro limepata maneno mawili tu.

Sema.

Shangazi yako


Makorora
5 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Kashata zilikuwa nne. Yasini kaapa zilianza nne.

Haya, nasema. Godoro limezama. Siku tuliyotoa nailoni, baada ya fungate, tulilala vizuri tukaamka tumeangukiana katikati. Nikadhani ni mahaba mapya. Usiku wa tatu kukawa na shimo ambalo ukitia mkono hupati mwisho wake. Ayubu aliamka hawezi kunyooka, na kazi yake ni kupakia machungwa. Tukaligeuza, shimo likatokea upande wa pili. Tukaligeuza kichwa miguuni, likawa na mashimo mawili.

Nilikwenda pale dukani ulikolinunua, kwa Zainuddin. Hakunitukana, nisimsingizie. Alinikaribisha kiti, akaniagizia na maji. Kisha akanionyesha chini ya risiti pameandikwa malalamiko ni ndani ya siku saba. Nikamwambia siku hizo saba lilikuwa ndani ya nailoni. Akasema, dada, nani kakwambia ulalie nailoni? Sikutaka kukutaja.

Akanipa namba ya kiwanda, huduma kwa wateja. Inaita, mwanamke anasema kwa Kiswahili bonyeza moja. Nikabonyeza. Kwa malalamiko bonyeza nne. Nikabonyeza. Anasema wahudumu wetu wote wanawahudumia wateja wengine, simu yako ni muhimu kwetu, kisha muziki mpaka salio linakwisha. Nilipompata mtu alikuwa binti anaitwa Lea, mpole sana. Akasema nimtumie picha. Nikatuma. Akasema picha ni nyeusi, shimo halionekani. Chumba chetu dirisha ni moja, shangazi, na linatazama ukuta. Akasema, dada, litoe nje kwenye mwanga, piga tena. Kesho Ayubu akienda Muheza nitalitoa uani.

Sasa tunalala mkekani. Hilo ndilo nililolificha. Wewe umeniandikia maneno ya mama, na barua ile nimeisoma nimekaa juu ya mkeka. Ningekujibu nini?

Usikasirike.

Nasma


Mwera
16 Julai 2024

Nasma,

Barua yako ya tarehe tano nimeipata leo, Yasini alikuwa mgonjwa. Lakini habari yako imefika kabla yake, kwa watu.

Jana msibani kwa Shekhe, mbele ya kina mama wote, dada yake huyo Mwatumu wenu kanikumbatia akaniambia, pole Bi Mboni, ndoa za siku hizi. Nikamuuliza ndoa ya nani. Akasema, si Nasma kaachwa, godoro lake limeonekana limetolewa nje mchana kweupe, na yeye mwenyewe anazunguka akilipiga picha za kugawana vyombo.

Nimeona giza. Ya Lea na picha zake nimeyasoma, lakini wewe ulishanificha mara moja. Umeachwa au hukuachwa? Nijibu hilo tu. Habari za paka sizitaki.

Shangazi


Makorora
21 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijaachwa. Wallahi sijaachwa. Ayubu yuko hapa pembeni yangu anamenya muhogo na ameniambia niandike kwamba hana mpango huo.

Nililitoa uani tu, nikaliegemeza ukutani kwenye jua, nikapiga picha. Haikuchukua muda. Lakini Bi Mwatumu alikuwa anaanika nguo, akaona, akaniuliza kwa sauti ya chini, vipi tena mwanangu? Nikamjibu, nalirudisha. Basi neno hilo moja lilimtosha. Kufika alasiri wanawake wawili wamekuja kunipa pole, na mmoja kaja na sukari ya eda. Muheza, Ayubu kapewa pole na kuli mwenzake aliyemwambia avumilie, wanawake ni wengi. Alirudi mbio na viatu mkononi, akidhani mimi ndiye niliyeondoka.

Lea amesema picha sasa ni nzuri, shimo linaonekana kidogo, ila lazima godoro lipelekwe dukani wakala alikague kwa macho.

Sitalipeleka. Kulifikisha dukani ni kulipitisha mtaa wote wa Makorora, juu ya guta, mchana. Kulitoa uani tu nimeachwa mara moja. Nikilipakia kwenye guta nimeachwa talaka zote tatu, na hata nikirudi na jipya watasema Ayubu anaoa mwingine. Nilisema tulipeleke usiku, Ayubu akasema usiku ndiyo wataongeza kwamba nimeiba.

Nimechoka na watu kunitazama kwa huruma nikienda kununua nyanya. Liache, shangazi. Mkeka si mbaya. Mama aliuweza.

Nasma


Mwera
27 Julai 2024

Mwanangu,

Mama yako hakuuweza. Mama yako hakuwa na la kufanya. Usiyachanganye.

Sasa kaa chini unisikilize, na huyo Ayubu mpe asome naye.

Bibi harusi akiachwa, vyombo vyake hutoka kimya. Hutoka na kaka mmoja na mkokoteni, watu wamefunga madirisha wanachungulia kwenye upenyo. Umewahi kuona vyombo vya aliyeachwa vikitoka kwa vigelegele? Hujaona, wala mimi sijaona, na nimeshuhudia wengi walioachwa. Basi godoro litarudi dukani kama lilivyokuja. Litabebwa vichwani, na kanga, na ngoma, na nyimbo zile zile. Mchana. Jumamosi, wakati watu wametoka sokoni na wana nafasi ya kutazama.

Ayubu avae kanzu ile ya harusi, atangulie mbele, ashike pembe moja ya godoro kwa mkono wake mwenyewe. Mume anayeacha habebi. Wewe vaa dera la fungate, upake hina.

Na Mwatumu usimwache nyumbani. Mwatumu ndiye atakayetangulia wanawake. Mpe mto abebe. Mwambie shangazi kasema hakuna mwingine Makorora mwenye sauti ya kuongoza shughuli hii. Atakuja, hawezi kukataa. Na akiisha kuimba barabara nzima kwamba hujaachwa, atakwenda kumwambia nani kwamba umeachwa?

Dukani msigombane. Semeni shikamoo kwa wanaostahili, mlishushe, mlaze, mngoje. Muombe wakalie.

Ningekuja mwenyewe niwe mbele yenu, ila nina bandeji ngumu ya mguu tangu kabla ya Idd. Niliteleza bafuni. Sikukwambia kwa sababu ungekuja kunihudumia ukaacha nyumba changa. Usiniulize tena habari za mguu, niulize habari za mbuzi.

Shangazi yako,
Mboni


Makorora
12 Agosti 2024

Shangazi yangu, shangazi wa watu wote,

Shikamoo, tena shikamoo, na Bi Mwatumu anakuamkia, na Bi Noorjehan ambaye hata humjui anakuamkia. Mguu wako sikuulizi. Lakini Ayubu kanunua fimbo nzuri ya kutembelea na Yasini anayo, na sisi wenyewe tunafuata wiki ijayo, ukitaka usitake.

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa Bi Mwatumu. Nilipompelekea maneno yako aliangalia mto, akaniangalia mimi. Akasema, kwani hukuachwa? Nikasema, nipo. Akasema, mbona mimi sikusema umeachwa, mimi nilisema godoro limeonekana. Kisha akauliza tunaondoka saa ngapi, maana lazima akaazime ngoma.

Jumamosi tulikuwa wanawake wengi kuliko siku ya kupeleka vyombo. Wengine walikuja kuhakikisha, nawajua, lakini ukishaingia kwenye wimbo huwezi kubaki unahakikisha. Godoro likainuliwa. Lilikuwa limelegea mno, shangazi, katikati linaning'inia mpaka aliyekuwa chini yake haonekani, miguu tu inakwenda. Ayubu mbele na kanzu, ameshika pembe. Mtu mmoja kwenye kijiwe cha kahawa alimpigia kelele, Ayubu, vipi, unamrudisha mke? Ayubu akasimama, akawasimamisha wote, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Anayerudishwa kwao leo ni godoro! Mke wangu huyu hapa!"

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani ulivisikia huko Mwera. Nililia barabarani na hina yangu. Mwezi mzima nilikuwa nikitazamwa kwa huruma, na sasa wanawake wa madirishani wananipungia kanga.

Tukafika dukani. Zainuddin alitoka akidhani ni harusi, akatabasamu, kisha akaliona godoro akaacha kutabasamu. Tukaamkia, tukalishusha, tukalilaza mbele ya mlango kama ulivyosema. Barabara ikaziba, pikipiki zikasimama. Zainuddin akasema kwa upole wake ule ule, "Dada, nilishakueleza, siku saba zimepita. Mimi nifanyeje?" Bi Mwatumu akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Nikasema tu, "Kaka, tunaomba ulikalie."

Akawa anasitasita. Ndipo sauti ikatoka ndani, nyuma ya meza, "Zainu, kelele za nini?" Akatoka mama mzee, mwembamba, tasbihi mkononi, miwani imeshikizwa kwa kamba. Ndiye mama yake, Bi Noorjehan. Nikamwamkia, akaitika, akanishika mikono akaitazama hina.

"Umeolewa lini, mwanangu?"

"Baada ya Ramadhani, bibi."

"Na nailoni mlitoa lini?"

Nikaona haya. Nikasema, "Fungate ilipoisha, na kabla ya wiki nyingine nikaja hapa."

Akamgeukia mwanawe. "Sasa wewe siku saba zako unahesabu kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye risiti, mama."

"Wewe na mkeo Nilofer nailoni yenu ilikaa muda gani? Mimi si nilikuwa chumba cha pili? Mwezi mzima sikupata usingizi!"

Shangazi, mtaa ulianguka kwa kicheko. Mwenye pikipiki alilazimika kushuka. Zainuddin akawa mwekundu mpaka masikioni, na yule mama hakucheka hata kidogo. Akasema, "Godoro la bibi harusi linaanza kuhesabiwa siku nailoni inapotoka. Aliyezaliwa Tanga anajua hivyo. Na huyu mtoto alipokuja mara ya kwanza hakuwa amemaliza wiki tangu alivue. Kiwanda hakijui, wewe unajua."

Zainuddin akasema sawa mama, lakini kiwanda hakitamrudishia yeye mpaka waone ubovu, na picha zinazotumwa hazionyeshi kitu. Bi Noorjehan akasema, "Basi wataona." Akavua viatu, akapanda juu ya godoro, akaketi katikati.

Akazama. Naapa kwa Mungu, alizama mpaka magoti yakawa karibu na miwani. Tukaona kichwa, tasbihi, na nyayo. Akasema kutoka humo ndani, bila kupandisha sauti, "Zainu, piga picha."

Akapiga. Akamtumia Lea, kisha akampigia akaweka sauti ya nje. Safari hii hakuna aliyeambiwa abonyeze chochote, nadhani wenye maduka wana namba yao. Tukamsikia Lea anaita wenzake ofisini waje waone. Akauliza, "Huyo bibi yuko salama?" Bi Noorjehan akajibu, "Nitakuwa salama nikitolewa." Wanawake wawili wakamvuta mikono, wa tatu akasukuma mgongo, akatoka kwa kigelegele. Lea akasema kiwanda kimekubali, godoro libadilishwe leo leo, na akaniomba radhi mimi kwa jina langu. Nikamwambia hana kosa, yeye aliomba mwanga, na mwanga umepatikana.

Bi Noorjehan ndiye aliyechagua jipya. Alikwenda akigonga moja moja kwa ngumi kama anayechagua tikiti maji. Mengine aliyapita hata hakuyatazama, huku Zainuddin akijifanya hamwoni. Alipolipata akaniambia nilale, mbele ya watu wote. Nikalala. Ayubu naye akaambiwa alale, akakataa, Bi Mwatumu akamsukuma. Mgongo ukanyooka, shangazi. Tulikaa hivyo tumelala barabarani na watu wanatupigia makofi.

Tukarudi nalo kwa ngoma, kwa njia ndefu. Bi Mwatumu ndiye aliyetaka njia ndefu. Kila mlango alipopita alisimama, akaeleza mwanzo hadi mwisho, na katika maelezo yake wazo la ngoma ni lake. Nimemwachia.

Mkeka nimeukunja nimeuweka juu ya kabati. Nilipoukunja nilimwambia mama, basi, tumetoka mkekani sote wawili. Nilitaka ulijue hilo kuliko yote niliyoandika.

Jambo moja tu nakuuliza. Hili jipya lina nailoni yake, na wageni wanaendelea kuja kulitazama, maana sasa ni maarufu. Tuiache mpaka lini?

Mwanao,
Nasma


Mwera
18 Agosti 2024

Mwanangu Nasma,

Fimbo imefika. Ni ndefu kidogo, lakini inamfikia mbuzi.

Barua yako nimemsomea dada yake Mwatumu kwa sauti, pale pale msibani alikonipa pole, leo walipokuwa na hitima. Nilianzia mwanzo, sikuruka mstari. Nilipofika pale Ayubu anaposema mke wangu huyu hapa, kina mama waliniambia nirudie. Nikarudia mara tatu, na kila mara nikimtazama yeye. Mara ya tatu alipiga kigelegele mwenyewe. Nimemsamehe, lakini si sana.

Jioni nilikwenda na fimbo yangu mpaka kwenye kaburi la mama yako, nikamwambia, wifi, limechelewa lakini limefika.

Kuhusu lile uliloniuliza: itoeni. Itoeni leo, msingoje wageni, msingoje mtu. Ichaneni hata kwa kisu. Na akitokea wa kuwaambia mnaharibu kitu kipya, mwambieni Mboni wa Mwera ndiye aliyeagiza.

Njooni na paka.

Shangazi yako